Tundu la Umeme Nyuma ya Kinanda

Kinanda cha kwaya yetu hapa Baraka kina ugonjwa mmoja tu, nao uko nyuma: tundu la umeme limelegea. Plagi ndogo ya adapta inaingia lakini haishiki. Ukikohoa karibu nayo, kinanda kinazima.

Kuzima peke yake si neno, hapa tumezoea vitu kuzima. Balaa ni kuwaka tena. Mimi, kama wapigaji wengi wa makanisa yetu, najua kupiga kwa sauti moja tu, ile ya do, kwenye vibao vyeupe. Akina mama wakianzisha wimbo juu zaidi, nabonyeza kitufe kinachopandisha sauti, vidole vyangu vinabaki palepale. Sasa kinanda kikizima na kuwaka, kimesahau yote. Kinarudi chini kwenye do, akina mama wako huko juu, na kanisa zima linanigeukia mimi.

Wiki ile sikutaka kabisa yanikute hayo. Baba yangu alikuwa amevuka ziwa kutoka Ubwari kuja kuona mjukuu wake, na Jumapili angesali na sisi. Baba aliongoza kwaya kijijini miaka mingi, na nilipokuwa msichana aliniondoa kwenye kinanda mbele ya watu. "Mwanamuke anaimba," alisema. "Piano ni ya banaume." Nilijifunza baada ya kuolewa, mbali na macho yake, na hakuwahi kunisikia. Nilitaka anisikie.

Jumamosi nikamwandikia kiongozi wa kwaya kwenye simu: "Mama, leo siji mazoezi, kumelegea sana." Kisha nikakilaza kinanda, ambacho hukaa kwangu, kifudifudi juu ya mkeka, nikafungua skrubu. Ndani, vijiguu vya chuma vya lile tundu vilikuwa vimeachana na ubao wake. Nikapasha msumari kwenye makaa, nikayeyusha risasi ya kulehemia niliyobandua kwenye redio mbovu, nikaidondoshea pale kwenye vijiguu. Ikashika, halafu ikaachia. Nikarudia, nikaunguza kidole. Mwisho nikazungushia tundu gundi na kuinyunyizia majivu ya jikoni, maana gundi ikikutana na majivu inakuwa ngumu kama jiwe. Nilikuwa bado napuliza pale mahali, akina mama watatu wa kwaya wakaingia uani wakiimba taratibu, biblia kwapani.

Kanisani kwetu, aliyelegea ni mtu aliyepoa katika imani.

"Mama, tumekuya kukuombea," kiongozi alisema kwa upole. "Kulegea si mwisho."

"Mi sijalegea, mama! Ni piano njo imelegea."

Wakatazama kinanda, wakatazamana. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Hata hivyo waliomba, maana walikuwa wametembea kwenye jua lote lile, na kinanda nacho wakakitaja mbele za Mungu. Mmoja wao, mwenye shamba huko Lubondja, alinipa ukanda wa mpira wa baiskeli anaofungia magunia ya mihogo. Nikaifunga plagi nao, nikakitikisa kinanda, hakikuzima. Nilifurahi furaha ya kijinga kabisa.

Jumapili baba alikaa mbele, viti vya wageni, koti limefungwa vifungo vyote. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili mpira uliteleza na kinanda kikanyamaza, kisha kikawaka kule chini. Akina mama, Mungu awabariki, hawakushuka nacho. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma, nikaikandamiza plagi, na wa kulia ukapandisha sauti na kuukimbilia wimbo. Nilimaliza hivyo, kwa mkono mmoja, nimejipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Niliona aibu, na zaidi ya aibu, hasira. Miaka yote hii, halafu baba anisikie nusu.

Wakati wa matangazo aliinuka akaja mpaka kwenye kinanda. Nilidhani anakuja kuniondoa tena.

"Mukono ingine ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa inashika plagi, papa. Nikiachilia, piano inazima."

Akainama kutazama nyuma, akaugusa ule mpira, akagusa gundi yangu ya majivu. Akavua koti, akalikunja, akaliweka sakafuni na kulipigia magoti.

"Nishike wapi?"

Nikamwonyesha. Kidole chake kilikuwa kinene kuliko plagi yenyewe. Kwaya ikaitwa kwa wimbo wa pili, na shemasi akaja haraka kumrudisha mzee wa watu kwenye kiti chake. Baba hakuinuka.

"Muniache," alisema. "Mi niko nashika huku. Mutoto yangu apige na mikono yote mbili."

Wimbo ule una beti nyingi, na kwa kawaida tunaruka baadhi. Siku ile hatukuruka hata mmoja.