Funguo Mbili kwenye Waya Mmoja

Mama Fyuzi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimletea gari na kumwambia unadhani ni betri, atakuuliza umekuja kutibiwa au umekuja kumsomesha. Alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa, kumi na mitatu pembeni ya mumewe na sita tangu amzike, na meza yake ilikuwa ile ile, upande wa kushoto wa banda la mabati, chini ya dirisha lisilo na kioo. Hakuwa na kazi nyingine wala mahali pengine pa kuifanyia.

Upande wa kulia ulikuwa wa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi injini. Hao wawili paka na panya. Asubuhi hawasalimiani, wanaulizana spana iko wapi. Katikati, kwenye kiofisi, alikaa mama mkwe, mwenye kiwanja na mwenye neno la mwisho, na kazi yake ilikuwa kutunza funguo. Gari likiingia anapokea funguo zake mbili, wa kutumia anautundika msumarini, wa akiba anaufungia kwenye droo. Gari likitoka anazifunga zote mbili pamoja kwa waya wa shaba, anausokota kwa koleo mpaka ukucha hauingii. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu mwanawe, ili wateja wasipoteze ufunguo wa akiba, na mama aliushika kama wosia. Mteja akithubutu kufungua ule waya, dhamana ya kazi imekwisha, asirudi kulalamika.

Sasa, kulikuwa na muuguzi mmoja mwenye gari dogo la bluu, ambalo alikuwa amelileta hapo kubadilishiwa oili tu, na tangu litoke likaanza vituko. Asubuhi nyingine linawaka, asubuhi nyingine halitaki. Anazungusha ufunguo, kimya, stata haikohoi hata kidogo. Likivutwa mpaka gereji, eti linawaka mara ya kwanza. Shemeji alibadilisha stata. Mama Fyuzi alipitia nyaya zote, akasafisha vichwa vya betri, akapima na mita mpaka macho yakamuuma. Waliliwasha hapo gerejini asubuhi na jioni, halikukataa hata mara moja. Wakamrudishia mwenyewe. Baada ya siku mbili, huyo tena.

"Hiyo stata yako ya kuokoteza," Mama Fyuzi alisema.

"Nyaya zako hizo, shemeji. Kaka angekuwepo, siku ya kwanza tu lingetengemaa."

"Kaka yako angekuwepo, ungekuwa bado unaosha boliti."

Waliafikiana jambo moja tu, kwamba yule muuguzi, kama wateja wengine kadhaa kabla yake, hajui kuwasha gari, na walimwambia hivyo usoni.

Liliporudi mara ya tatu, mama mkwe aliwaita wote wawili kiofisini. "Nimechoka na kelele zenu," alisema. "Likikataa tena, mmoja wenu anaondoka hapa. Kosa likiwa la umeme, wewe mke wa mwanangu ufunge vyombo vyako. Likiwa la stata, aondoke huyu." Aliyasema kama hakimu, lakini damu nzito kuliko maji, na Mama Fyuzi hakuwa mtoto. Alijua nani anatafutiwa sababu.

Wakamrudishia tena. Siku ya nne tangu alichukue, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia. "Limekataa," muuguzi alisema. "Na silileti, maana likifika kwenu linajifanya malaika. Njoo wewe. Nina barua ya mwisho ya onyo. Saa moja na nusu nisipokuwa wodini, kazi sina."

Alimkuta amesimama kando ya gari, sare imenyooshwa pasi, uso umekunjamana. Salamu hazikuwepo. Mama Fyuzi alinyoosha mkono apewe ufunguo, kisha akaurudisha mkono wenyewe mfukoni. Wiki tatu nzima waliokuwa wanawasha gari lile mbele yake ni mafundi. Hakuwahi kumwona mwenye gari akiliwasha.

"Keti wewe," alisema. "Washa kama unavyowasha siku zote. Sigusi kitu."

"Leo ndiyo unaniamini?"

"Washa, dada."

Kimya. Ila kwenye dashibodi palikuwa na kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo, kinapepesa haraka haraka, na gerejini hakikuwahi kupepesa hivyo. Hicho ni kitaa cha kinga ya wizi. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kichipu, na tundu la swichi limezungukwa na duara la waya linalokisoma kila unapowasha. Duara lisipokitambua kichipu, gari linakuona mwizi na linakata umeme wa stata. Mama Fyuzi alijisonya mwenyewe. Wiki tatu alikuwa akitafuta ubovu kwenye gari zima.

Akainama. Ufunguo mmoja uko kwenye swichi. Mwenzake amening'inia hapo hapo kwa waya wa shaba, kichwa chake kimeegemea lile duara. Vichipu viwili vikiongea pamoja, gari litamsikiliza nani? Siku wa pili ukigeukia nje, linawaka. Na gerejini haliwezi kukataa, kwa sababu gerejini wa akiba umefungiwa kwenye droo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikata waya, akautoa ule wa akiba. Washa. Likawaka. Zima, washa. Likawaka mara tano. Akausogeza wa akiba karibu na swichi, likakataa. Akauondoa, likawaka.

"Huu uweke kabatini, usiuchanganye tena na mwenzake," alisema.

"Wiki tatu," muuguzi alisema akiingiza gia. "Wiki tatu mmeniita mwongo." Akaondoka bila asante. Na asante ya nini?

Kurudi alitembea kwa miguu, polepole. Angesema ni stata, nani angembishia? Muuguzi hatakanyaga pale tena. Mama asingemfukuza mwanawe, angepiga kelele tu yakaisha, na meza ya chini ya dirisha ingebaki. Lakini kwenye misumari ya mama zilitundikwa funguo za magari kumi na moja, na yote yangetoka na waya. Isitoshe, kuisingizia stata nzima, hata ya adui, alishindwa. Usidhani ni utakatifu. Ni ufundi tu ulikuwa unamwasha.

Shemeji alikuwa mlangoni, meno yote nje. "Mara ya nne, shemeji."

"Lete ufunguo wa gari la mwalimu. Na wa akiba. Mama, njoo uone."

Aliwaonyesha. Ukiwa mmoja, gari la mwalimu liliwaka. Zikiwa mbili pamoja, kitaa kikapepesa na stata ikanyamaza. Alirudia mpaka shemeji akaacha kutabasamu. Mama mkwe alisimama na kipande cha waya mkononi.

"Anayezifunga ni nani?" mama aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Na aliyenifundisha?"

"Mwanao. Lakini hakukosea, mama. Wakati ule funguo zilikuwa chuma tupu. Sasa zina vichipu, na sisi tumebaki na waya ule ule."

"Miaka sita yuko kaburini," mama alisema, "umekuja kumtafutia kosa leo. Mbona hukumwambia akiwa hai, akujibu?"

"Sikulijua akiwa hai."

"Ungesema ni wewe," mama alisema. "Ungesema ni wewe umekosea, ningekusamehe. Funga vyombo vyako."

Mama Fyuzi alimtazama shemeji. Alikuwa ameona kwa macho yake, na neno lake moja lingetosha. Shemeji alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama daktari anayetaka kula. Kisha akarudi upande wake. Kwa miaka sita Mama Fyuzi alimchukia kwa sababu ndogo ndogo, na siku hiyo alipata ya maana.

Alifunga mita, koleo, chuma cha kulehemu na boksi la fyuzi. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Alikuwa ameshafika getini aliposikia nyayo nyuma yake, na sauti ya chini chini, isije ikafika kiofisini.

"Shemeji. Yale magari mengine yaliyorudi, tukasema wenyewe hawajui kuwasha. Ni hivi hivi?"

"Ni hivi hivi."

"Na haya kumi na moja yakitoka?"

"Yatarudi."

Shemeji aligeuka kutazama kiofisi. Mama alikuwa ameshaketi, anakata vipande vipya vya waya. "Sasa mimi nitamwambia nini mama?"

"Mwambie ni wewe umekosea," alisema Mama Fyuzi. "Atakusamehe."