Mwaka Kipato Kilipopanda Mabamba

Siku niliyoripoti Kibondo kuwa mdadisi wa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, msimamizi alinikabidhi madodoso na kunionya kwamba nikimuuliza mkulima ana pesa kiasi gani atasema hana, na hatakuwa amenidanganya. Nianze na alichokula jana.

Nilikuwa nimetoka Tanga, Kiha sikijui. Kazi nilijifunzia kijijini Murungu, kaya baada ya kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Muhogo waliojilimia tuliukadiria kwa bei ya soko, kwa kuwa chakula cha shambani nacho ni kipato. Akiba ndiyo iliyonisumbua. Benki ilikuwa mbali, hivyo watu waliiweka kwenye maharage ya ghalani, kwenye kikundi cha akina mama, na zaidi kwenye mbuzi.

Baadaye nilipandishwa kuwa msimamizi, nikakaa Kasulu, nikihudumia maeneo kuanzia Makere hadi Mabamba mpakani. Mwaka mmoja madodoso ya Mabamba yalionyesha kipato kimepanda ghafla. Mkoani walifurahi. Mimi nilitazama fedha zilitoka wapi, nikakuta karibu kila kaya imeuza mbuzi, hata majike.

Nikaenda mwenyewe. Mama Yasinta, ambaye wazazi wake walitoka Burundi naye akapata uraia hapa, alinikaribisha kwenye zizi tupu. Alinieleza kwamba mvua ilikatika maharage yakiwa kwenye maua. Nilimuuliza kwa nini ameuza hata jike lenye mimba.

"Mama, jike haliuzwi na mtu mwenye chakula," alisema. "Nimeuza mwaka wangu wa kesho."

Nikasafiri hadi Kigoma kwa Mtakwimu wa Mkoa, mtu mkali lakini mwenye haki. Muhtasari wake ulikuwa tayari, ukisifu hali ya kaya.

"Kipato kimepanda," aliniambia. "Unataka niandike njaa?"

Nilimwomba aweke pamoja mambo matatu: walichouza, walichokula na walichobakiza. Mauzo yalikuwa juu, lakini maharage yalikuwa yametoweka kwenye milo, na akiba ilikuwa inakwisha. Watu hawakuwa wametajirika. Walikuwa wanakula akiba yao. Alisoma dodoso moja baada ya jingine, nami nimesimama.

"Futa aya yangu," alisema mwishowe. "Andika yako, nitatia saini."

Taarifa ikafika wilayani. Mahindi ya bei nafuu na mbegu za maharage vikaingia Mabamba wakati maghala bado hayajawa matupu. Utafiti uliofuata nilikwenda tena na wadadisi wangu. Kwenye safu ya mifugo, kaya zilikuwa zinanunua. Mama Yasinta alikuwa na majike mawili, na watoto wake wote walikuwa shuleni. Nilirudi Kasulu nikiimba ndani ya gari, dereva akinishangaa.

Sasa nimestaafu, na Tanga sikurudi. Vijana wa leo wanapita na vishikwambi vinavyojumlisha vyenyewe, nami nawaonea fahari. Wakinitembelea huwaambia wasifurahie jumla kabla ya kujua imetokana na nini. Sikujenga barabara wala shule. Lakini uko mwaka ambao njaa ilikuwa inakuja Mabamba, tukaiona ingali mbali, na haikufika.