Msiba Uko Wapi

Mwanangu alizaliwa amekufa, na kabla sijaweza kushuka kitandani hospitalini alikuwa ameshazikwa. Mama mkwe alimchukua amefungwa kwenye kitenge changu, akapanda gari pamoja na shangazi wa mume wangu, wakaenda naye nyumbani kwao Usagara. Mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake watu wazima, kimyakimya. Hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi, hakuna sufuria la wali wa msiba. Na mama wa mtoto haonyeshwi mahali, eti akipajua atakuwa anakwenda kulia pale na kizazi kitafunga. Haya yote nilielezwa baadaye na mume wangu, huku anaangalia simu yake.

Nikarudi nyumbani kwetu Buswelu. Mwili wangu haukuwa na habari na mila za mtu. Matiti yalijaa maziwa mpaka nikashindwa kugeuka kitandani. Jirani aliniletea majani ya kabichi niyafunge kifuani. Namshukuru mpaka leo, maana yale majani yalinisaidia kuliko maneno ya watu.

Maneno! Jikaze. Mshukuru Mungu wewe umepona. Utapata mwingine. Utapata mwingine, kama vile nimepoteza ndala! Walikuja, wakanywa chai, wakalalamika kwamba maji ya bomba yamekatika tena, wakaaga bila kumtaja. Nikianza kulia, mtu ananipiga piga mgongoni ninyamaze, si vizuri, nitajiumiza. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu, nionyeshwe alipolala. Nilipomwuliza mume wangu alisema hajui, na nadhani kweli alikuwa hajui. Kilichonikera ni kwamba hata kuuliza hakuwa ameuliza.

Nilirudi kazini, kwenye duka la vitambaa mjini. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, familia yao iko Mwanza tangu enzi za babu zake, na ukali wake unajulikana mtaa mzima. Siku hiyo aliniangalia nikikunja vitenge, akaniuliza, "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," nikamwambia.

"Haya, kaa chini."

Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikaa katikati ya majora nikalia mpaka kamasi zikanitoka, naye akahudumia wateja mwenyewe, akiwakaripia wanaopapasa vitambaa kwa mikono ya mafuta.

Lakini dukani huwezi kulia kila siku, na nyumbani sikuachwa nilie. Nikawa nikitoka kazini nashuka ziwani, nakaa juu ya mawe karibu na mahali wanapouza samaki wa kukaanga. Jioni moja mama mmoja muuza sato aliacha karai lake akanisogelea.

"Dada, umefiwa?"

"Ndiyo."

"Jamani, pole sana. Msiba uko wapi?"

Ni swali la kawaida kabisa. Huku kwetu kila mtu huliuliza, ili ajue pa kwenda kukaa na mfiwa. Msiba wangu haukuwa mahali popote. Nilinyanyuka nikaondoka kwa hasira bila hata kumuaga, na yule mama wa watu hakuwa amenikosea chochote.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Usagara, kama kawaida. Sasa, tangu nitoke hospitalini mimi na mama mkwe tulikuwa na ugomvi wetu wa beseni. Kila tukishakula nilikuwa naosha vyombo, na kila nikinyanyua beseni nimwage maji machafu nyuma ya jiko, kwenye ua wa minyaa, ananipokonya. "Lete, nitamwaga mwenyewe." Kila Jumapili. Kwetu mimi ni Bukoba, na watu wa Bukoba tuna sifa ya kujidai, kwa hiyo nilidhani ananikomesha, kwamba hata kumwaga maji sijui.

Siku hiyo alipolishika beseni, sikuliachia.

"Lete, mwanangu."

"Silileti! Mtoto wangu umenichukulia, na beseni nalo unichukulie? Mama, mwanangu yuko wapi?"

Nilipiga kelele. Mkamwana hampigii mama mkwe kelele. Mume wangu alitokea mlangoni, akatuona, akarudi ndani. Tukavutana, beseni likapinduka, maji ya mafuta na makombo yakaanza kutiririka kuelekea kwenye minyaa. Mama mkwe aliliacha beseni. Aliyakimbilia yale maji. Aliyakinga kwa mguu, akainama akawa anakokota udongo kwa mikono yake miwili kuyaziba, anahema, mpaka yakageukia upande mwingine.

Ndipo nikaona kwamba pale chini ya minyaa palikuwa pamefagiliwa, tofauti na ua wote.

"Ni hapo," alisema, bado ameinama. "Kichwa chake kiko huku."

Nilikaa chini kwenye tope lile lile. Alikaa pembeni yangu, akaniambia jambo ambalo hata mume wangu alikuwa halijui. "Wangu mimi sikuonyeshwa. Mama mkwe wangu amekufa hajaniambia. Mpaka leo nikilima shamba hili naogopa jembe."

Sitasema nilipona siku ile. Hasira iliniongezeka. Yaani mtu ameogopa jembe maisha yake yote, halafu anachukua woga ule ule ananikabidhi mimi, eti ni kunilinda! Nilimwambia hivyo hivyo. Alisema, "Ndivyo tulivyofundishwa," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Lakini usiku huo nililala mpaka asubuhi, na nikaacha kwenda kukaa kwenye mawe. Jumapili zikifika nafagia pale chini ya minyaa, nikitaka kulia nalia, na hakuna anayenipiga piga mgongoni.

Juzi mdogo wa mume wangu amemleta mke wake, bado bibi harusi, ana bidii ya kutaka kupendwa. Tulipomaliza kula aliosha vyombo, akabeba beseni kuelekea nyuma ya jiko. Mimi na mama mkwe tuliinuka kwa pamoja, lakini mimi nilimfikia kwanza.

"Lete, nitamwaga mwenyewe."

Akanuna. Nilikijua kile kinyongo, nilikibeba mwenyewe Jumapili nyingi. Nikaliweka beseni chini, nikamshika mkono mpaka kwenye minyaa, mama mkwe anatutazama.

"Hapa yupo binti yangu," nikamwambia.

Mama mkwe hakuninyamazisha. Alinyanyua beseni, akaenda kumwaga maji upande wa pili wa nyumba.