Mpira wa Alfajiri na Mpira wa Adhuhuri

Yule mwenzangu wa karakana ya viatu nilimchukia, na sioni haya kusema. Tulikuwa wawili tu katika chumba cha kupimia mpira, upande wa Temeke, enzi za Mwingereza. Kazi yetu ilikuwa kutambua robota lipi ni mpira wa mti na lipi limechanganywa na ule wa kutengenezwa kiwandani, ambao soli zake zilipasuka upesi. Tulikata vipande, tukaning'iniza kila kimoja kwenye kulabu, tukaongeza mawe ya mizani mpaka kikatike, kisha tukatia nukta ya chaki ubaoni: uzito mkubwa juu, mdogo chini. Kipande kimoja hakikutosha. Nukta zikirundikana mahali pamoja ndipo unaujua mpira.

Ramadhani ilipoingia niliomba kupima alfajiri, kabla funga haijanichosha. Mwenzangu, Mkristo wa bara, akachukua adhuhuri, chini ya bati linalowaka. Basi nukta zikagawanyika mafungu mawili, naye akakimbilia kwa msimamizi wetu Mzungu kusema kwamba bohari ina mpira wa aina mbili, kuna mtu anachanganya. Mtunza bohari alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliyekaa naye Buguruni. Alifukuzwa siku hiyohiyo.

Nilimwambia mwenzangu kuwa nukta za chini zote ni zake.

"Unamkinga ndugu yako," akasema. "Ubao hauna shemeji."

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nilimng'ang'ania msimamizi: robota moja, lipimwe alfajiri na adhuhuri, mbele ya macho yake. Nukta zikagawanyika vilevile. Lilikuwa joto tu; mpira ukipata moto hulegea. Msimamizi akafuta ubao kwa kitambaa kibichi, akasema shemeji hana hatia, ila nafasi yake imeshapata mtu.

Jioni moja mwenzangu akaja kwetu na kifurushi cha tende, wakati wa futari, akijua saa hiyo tusingemfukuza mgeni.

"Bwana, mie niliandika nilichokiona," alimwambia shemeji.

Shemeji akamsogezea bakuli la uji. "Sawa. Na mie ulinipima saa ngapi?"

Mwenzangu akavuta bakuli. Alikunywa uji wetu mpaka akaumaliza. Zile tende sikuzigusa.