Swaleh na Magurudumu ya Spoki

Akili yangu haijakubali. Juzi adhuhuri tulikuwa pamoja ofisini Mbaraki, tukibishana ni nani ataandika ripoti ya meeting. Jioni nikapigiwa simu na kaka yake, Athumani. "Swaleh ametutoka," akasema.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alirudi nyumbani kwao mtaa wa Kuze, akaswali alasiri, akajinyoosha kidogo. Mamake alipokwenda kumwamsha kwa chai, hakuamka. Daktari amesema ni moyo.

Naandika haya kwa sababu tangu juzi inbox yangu imejaa swali moja: "Ni ile pikipiki?" La. Haikuwa pikipiki. Mnaosambaza habari za ajali, nawaomba mzifute. Mamake zinamfikia, na zamuumiza.

Wacheni niwaeleze Swaleh na pikipiki yake walivyokuwa.

Zamani, Athumani alikuwa njiani kwenda Kilifi kwa pikipiki kuukuu. Tyubu ya tairi la mbele ikapasuka, upepo ukatoka wote kwa mpigo mmoja. Aliokoka, lakini mpaka leo achechemea.

Swaleh alipojinunulia ya kwake, sport ya buluu, ile ya mbio, mama hakumkataza. Alikuwa akikaa dirishani tu, mpaka aisikie ikiingia mtaani.

Mwaka jana shimo moja la karibu na bandari, pale malori yanapopinda, likampasulia rimu ya mbele. Fundi akamwambia, "Tia alloy nyingine kama hii, uende zako."

Yeye akataka magurudumu ya spoki, yale ya vijiti vya chuma kama ya baiskeli, kwa sababu spoki hunepa kidogo kwenye shimo pale ambapo alloy, ya kipande kimoja kigumu, hupasuka. "Lakini yawe tubeless," akasema. "Tyubu siitaki."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Spoki za kawaida hupenya rimu, na kila tundu ni njia ya upepo kutoka. Ndiyo maana hutiwa tyubu. Alinieleza haya lunch baada ya lunch, pilau yangu ikipoa.

Tukampata muuzaji mjini mwenye seti nzuri ya rangi ya dhahabu, tairi zishavishwa, matundu yamezibwa kwa gundi. Angeyafunga siku ile ile. Swaleh akaomba maji ya sabuni. Akayapaka pale spoki zinapoingia kwenye rimu, tukachutama kutazama.

Kitambo hapakuwa na kitu. Kisha kando ya spoki moja kikatoka kiputo kidogo kama punje ya mtama. Kikafuatwa na kingine.

"Hiyo si shida, shekhe," muuzaji akasema. "Utakuwa ukijaza upepo mara moja moja."

"Ahsante, ndugu yangu," Swaleh akamjibu kwa upole. "Lakini mimi nina mtu anayeningoja nyumbani."

Akaagiza mengine kutoka nje, yale ambayo spoki zimeshikwa kwenye kingo za rimu, ndani hamna tundu hata moja. Kwanza aliwauliza watengenezaji kama yatahimili nguvu za injini yake, kama upana unalingana na tairi zake, kama breki za ABS zitafanya kazi vilevile. Email zake kwao zilikuwa ndefu kuliko zetu kwa clients.

Muda wote wa kungoja alitembea. Kuze mpaka Mbaraki, joto hili mnalijua, kola imeloa kabla hajafungua kompyuta. Tukambandika jina: Bwana Sport wa Miguu. Akacheka nasi, na kesho yake akaja tena kwa miguu.

Yalipofika yalikuwa meusi, hayana mbwembwe. Yakafungwa kwa fundi hapo Mji wa Kale, nikamsindikiza mpaka kwao. Mama akashuka na buibui lake, akainama, akapitisha kidole juu ya spoki, moja baada ya moja.

"Haya hayana tyubu?"

"Hayana, mama. Likiingia pancha, upepo hutoka polepole. Napata nafasi ya kusimama."

Mama akainuka. Halafu akasema, "Basi nipeleke kwa shangazi yako."

Hakumpakia. Kiti kile cha nyuma, alisema, si cha kumkalisha mzazi. Akamwitia tuk-tuk, mama akapanda, naye akamfuata nyuma kwa mwendo wa tuk-tuk, injini kubwa ile ikinguruma kama iliyokatazwa kusema. Mama akawa anageuka kila mara kumwangalia mwanawe. Nilisimama mlangoni mpaka walipopinda kona.

Athumani ameniambia kuwa tangu siku hiyo mama hakukaa tena dirishani. Swaleh akitoka, yeye aliendelea na mambo yake.

Jana tumemzika. Wenzake wa pikipiki waliziacha pikipiki zao kwenye barabara kubwa, wakaja kwa miguu, helmet mkononi, hawajui wazishike vipi msikitini. Tulipomaliza kumswalia, imamu akatugeukia akauliza, "Mwamshuhudia vipi huyu?"

Sauti zikatoka kila safu: mtu mwema, mtu mwema. Mimi nilifungua kinywa, sauti ikakataa.

Kwa hivyo nasema hapa, yakhe. Mtu mwema. Ulimpunguzia mamako hofu bila kumwambia kwamba ndivyo ufanyavyo.

Mola akughufirie, akupanulie kaburi lako, ampe mama subira. Sisi tuko nyuma yako, twaja. Lala, ndugu yangu, ulale kwa amani.