Pasipoti Chini ya Msahafu

Mie nikikasirika sina breki. Marehemu mume wangu alikuwa akiniona nimepanda, anatoka zake nje, akirudi nimeshapoa, na ndoa yetu ikenda hivyo miaka thelathini. Lakini dada yangu siku ile hakuwa na pa kwenda. Nyumba ni yake.

Nilikuwa nimekwenda likizo Unguja, wiki tatu, kwake. Ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyenibakia, kanizidi miaka kumi, na moyo wake unamsumbua. Asubuhi ya kurudi Omani nikavaa, nikafungua mkoba: pasipoti hamna. Nikamwaga mkoba mzima kitandani. Hamna. Nikafungua masanduku niliyokwisha kuyafunga kwa kamba, karafuu zikamwagika sakafuni pamoja na mikate ya ufuta, na huko nje gari inapiga honi. Dada alikuwa kakaa kwenye mswala anavuta uradi. Kila nikimwuliza ananiinulia kidole, ningoje.

"Umenifichia!" nikamwambia. "Unataka nikose ndege nibaki nikuuguze! Ndiyo maana wanao wamekukimbia wote!"

Akamaliza uradi wake. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akenda kwenye kabati, akainua msahafu. Pasipoti ilikuwa chini yake.

"Niliiweka jana, ilale na dua," akasema. "Mama ndivyo alivyokuwa akifanya mtu akisafiri. Umesahau?"

Nilisahau, wallahi. Miaka yote hii ya kuishi Ibra, huko Omani, sisi tukisafiri tunaangalia viza na kilo za mizigo, basi.

Sasa mtu mwenye akili angeanguka miguuni pake. Mie niliichukua pasipoti, nikazoa nilichoweza kuzoa, nikatoka. Kwetu mtu hapandi chombo hajaombana radhi na anaowaacha, maana nani anajua kama wataonana tena. Nilijipakia garini nikamwambia dereva haya, twende.

Toba, ile safari! Ndegeni jirani yangu alinipa peremende nikaikataa kwa ukali, halafu nikajuta hata hilo. Nikifumba macho namwona dada kashika ukuta. Nikawa nawaza: akifa leo, neno langu la mwisho kwake ni lile. Chakula kilikuja kikarudi kama kilivyo.

Maskati akanipokea mwanangu. "Alhamdulillah ala salama, mama," akanibusu kichwani, akabeba mizigo. Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Mie nasema changu, yeye ananijibu Kiarabu, tumeshazoea. Tulipofika Fanja, njiani kwenda Ibra, nikamwambia, "Nimemkosea mama yako mkubwa. Nimemkosea vibaya." Akasema maalesh, si kitu, mama, mpigie simu, na hapo hapo simu yake mwenyewe ikalia, mtu wa kazini, wakaongea mpaka tukaipita barabara ya Samail. Mie simu nilikuwa nayo mkononi. Niliogopa asipokee. Apokee pia niliogopa, maana ningemwambia nini?

Ibra tuliingia magharibi inaadhiniwa. Mwanangu akaswali, akaniingizia masanduku, akaniwashia kiyoyozi, akarudi Maskati kwa sababu kesho kazi. Simlaumu, ana watoto. Nikakaa kwenye kochi na buibui langu mwilini, nikapiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Nisamehe, dada. Nipe radhi yako." Nikalia.

"Nilikupa tangu unashuka ngazi za hapa kwangu. Ningekuacha upande ndege hivyo hivyo? Una wazimu wewe. Haya nyamaza. Mpe mwanao simu nimsalimie."

Nyumba nzima ilikuwa kimya, kiyoyozi tu kinanguruma.

"Anaswali," nikasema.

"Basi namngoja amalize."

Akangoja kweli. Nikamsikia anakohoa, anavuta kiti. Nilikuwa nimetoka kuomba radhi, tena nimeshaanza kumdanganya. Nikaona haya, nikashindwa.

"Dada, keshakwenda zake. Niko peke yangu."

Angetaka angenirudishia neno langu la asubuhi, lile la wana kumkimbia mtu, na ingekuwa haki yake. Akaniuliza nimekula nini.

"Sijala kitu tangu kwako."

"Lo! Nenda kakaange mayai," akasema. "Simu usiikate. Mie nimekaa hapa hapa."