Mama Radi na Jina la Baba

Majira ya baridi ya utoto wangu yalinukia wino na dagaa wa omena. Katika nyumba yetu ya kupanga kule Coon Rapids, Marekani, madirisha hayakufunguliwa hadi theluji iyeyuke, kwa hiyo harufu ya kikaango cha Mama na ya kalamu za Baba zilihamia pamoja kwenye makoti yetu. Baba alikuwa mwanafunzi wa chuo. Jioni alichora kwenye meza ya kulia: mwanamke mrefu aliyejifunga leso kifuani kama nyanya yangu, akitembea juu ya ziwa lililoganda huku radi zikimtoka viganjani. Alimwita Mama Radi. Greg, rafiki yake wa chuoni, ndiye aliyetunga maneno.

Vitabu vya katuni vya Mama Radi vilipoanza kugombaniwa madukani, jaladani palikuwa na jina moja tu, la Greg. Baba alimpigia simu kulalamika. Jumamosi mchana Greg akaja. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, akanipa peremende. Nilikuwa na miaka tisa, nimejibanza nyuma ya kochi. Hakupaza sauti. Alimkumbusha Baba kwamba viza ya mwanafunzi haikumruhusu kufanya kazi nje ya chuo.

“Ukisema ulimchora wewe,” akasema taratibu, “watakuuliza ulikuwa na kibali gani. Mimi nawafikiria watoto wako tu.”

Baba akaweka kikombe chake cha chai mezani, akamfungulia mlango. Gari la Greg lilipoondoka, Mama akasema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Akatuonya tusimtaje Mama Radi kwa mtu yeyote. Tangu hapo, gari lolote lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinikimbiza bafuni, nikajifungia huko nikisikiliza kama maafisa wa uhamiaji wamekuja kumchukua Baba. Shuleni wenzangu walivaa fulana zenye picha ya Mama Radi. Mwalimu alipotuambia tuchore shujaa tunayempenda, nilichora samaki. Hata samaki huyo alinitia hofu, maana mkono wangu wa kuchora ulifanana na wa Baba. Yeye hakuchora tena.

Siku hizi Baba ni raia, anaishi Apple Valley. Alipopata uraia, Mama alimsukuma hadi kwa wakili, na baada ya mabishano ya miaka, kampuni iliyochapisha vitabu ikakubali kumtambua kuwa ndiye mchoraji. Juzi tulikwenda kutazama filamu ya Mama Radi. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, la Baba lilitokea kando ya la Greg, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Mwanangu akaruka, akaanza kuwatangazia waliokaa karibu, kwa Kiingereza, kwamba huyo ni babu yake. Baba akamvuta upesi na kumwekea kidole midomoni.

“Polepole, mjukuu wangu. Watu wanasikia.”

Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kutazama ni nani aliyesikia.